Njia ya Wajawazito

4 Novemba
Jua limetuaga leo. Lilichungulia juu ya mlima wa kusini kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, likaenda zake mpaka Februari. Watoto wa shule walipandishwa kilimani kulipungia mkono. Mimi nilikuwa nafunga upya kamba za sleji, sikwenda.

Daftari hili ni la barafu. Baba aliandika la kwake miaka thelathini, unene na tarehe basi, na siku niliyozaliwa mimi aliandika: "Barafu vidole tisa." Nami nimefuata nyayo zake. Lakini mwaka huu nitaandika na mengine, kwa sababu sina wa kumwambia. Salomine, mdogo wangu, leo ametimiza miezi sita bila kusema nami, na kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua arobaini. Nimezihesabu mara nyingi.

11 Novemba
Ghuba bado ni maji. Yanafuka moshi.

17 Novemba
Mama kaniletea supu ya sili, kakaa, kalalamika. Anataka Salomine ahamie kwake na tumbo lile, Salomine hataki, na Mama hawezi kumlazimisha. Salomine alizaliwa wiki moja baada ya bibi yetu kufariki, akapewa jina lake. Tangu siku hiyo Mama humwita binti yake "mama", na mtu hamgombezi mama yake.

"Nimfanye nini?" akasema. "Mama ameamua."

Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya hapo. Mama hakucheka. Alinitazama akasema kwamba shemeji yangu anarudi Januari, na je, nimejiandaa kumtazama usoni?

Jina la shemeji, mume wa Salomine, hatulitaji. Tangu barafu ilipomchukua tarehe nne Mei halijatamkwa katika kijiji hiki cha Illukasik, wala mimi sitaliandika, mpaka lipate mtoto wa kulibeba, wa kiume au wa kike. Wote tunajua mtoto huyo yuko wapi. Mimi ndiye mtu pekee hapa ambaye kila tumbo lile likiongezeka, usingizi unapungua.

29 Novemba
Ngozi ya kwanza ya barafu, huku ndani tu, karibu na barafuto, ule mto wa barafu unaoshuka mlimani. Nyeusi, laini, imechanua maua ya jalidi. Kidole kimoja na nusu. Ukiikanyaga inapinda, haivunjiki. Barafu ya chumvi ina adabu, hukuonya kabla.

Isipokuwa penye Pua. Pale rasi inapotokeza kati ya mikono miwili ya ghuba, chini yake kuna kizingiti cha mwamba, maji hupanda na kukimbia, na mkondo huila barafu kwa chini huku juu ikionekana nzima. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huila mara mbili. Na mlima umesimama wima pande zote, kwa hiyo kufika mjini ni kupita mbele ya Pua au kupanda Bega, nyuma yake, katikati ya mawe. Hiyo ya Bega wanaume wa hapa wanaiita Njia ya Wajawazito. Ukionekana unashuka huko, jioni utaulizwa tumbo lina miezi mingapi. Thimotheus, jirani yangu, aliwahi kumuuliza kasisi.

6 Desemba
Vidole vinne hapa ndani. Leo watu watatu wameniuliza, kama kila mwaka, lini Pua itabeba. Bado wananiuliza mimi. Wanasema juu yangu, Boas bahati mbaya ilimkuta, alipita asubuhi barafu ikiwa nzima, mchana ikageuka. Wananipiga begani kunifariji. Siwezi tena, lazima niandike.

Sikupita.

Asubuhi ile ya Mei nilikuwa natoka mjini na mifuko ya unga. Mwezi ulikuwa mpevu juzi yake. Nilipofika Pua jike langu la mbele, mbwa anayewaongoza wengine wa sleji, alikaa kitako, akakataa. Nikashuka, nikapiga barafu kwa fimbo ya chuma ya kupimia. Pigo la pili, maji. Nikageuza, nikapanda Bega. Kule juu mawe yalikuwa wazi, sleji haivutiki, nikaacha mifuko miwili chini ya mwamba. Mmoja ulikuwa wa Salomine. Baadaye nilimwambia kwamba duka la mjini limeishiwa unga.

Nilifika Illukasik saa sita mchana. Watu walikuwa kwa Thimotheus wanakunywa kahawa, binti yake alitimiza miaka kumi. Shemeji alikuwa anavaa viatu aende mjini kuchukua mashine ya boti. Thimotheus akauliza kwa sauti, mbele ya wote, Pua vipi? Wakanigeukia, wengine tayari wanatabasamu.

Nikasema, "Barafu iko sawa."

Maneno matatu. Nilijiambia atapiga fimbo yake mwenyewe akifika. Lakini mtu akishaambiwa na shemeji yake kwamba barafu iko sawa, anapiga fimbo ya nini? Mbwa wawili walirudi wamelowa. Yeye hakuonekana.

Salomine ananichukia kwa kukosea kupima. Hajui kwamba nilipima vizuri.

7 Desemba
Nilitaka kuikata karatasi ya jana. Nimeiacha.

15 Desemba
Theluji. Haifai kabisa. Theluji juu ya barafu changa ni blanketi, inaizuia kunenepa.

24 Desemba
Kanisani pamejaa. Nyota za karatasi zinawaka kila dirisha, isipokuwa dirisha la Salomine. Alikaa mbele, mimi nyuma karibu na jiko. Wakati wa kutoka alipita karibu yangu hata nikasikia anavyohema. Tumbo limeshuka. Karoline, mwuguzi wetu, anasema helikopta itamchukua tarehe saba akangojee hospitalini kama wajawazito wote.

27 Desemba
Mpevu jana. Nilikwenda Pua peke yangu na mbwa. Maji wazi, meusi, yanakwenda mbio.

2 Januari
Baridi kali siku nne mfululizo. Vidole saba hapa ndani. Pua imeziba.

6 Januari
Leo ni siku ya vinyago. Watu wamevaa ngozi na soksi usoni, wanaume wamejitia matiti, wanaingia nyumba hadi nyumba bila kusema neno, wenye nyumba wakibahatisha nani ni nani. Mwenye kinyago hafukuzwi. Nikavaa gauni kuukuu la marehemu mke wangu, nikajifunga ngozi ya mbwa kichwani, nikachanganyika na kundi la Thimotheus, nikaingia kwa Salomine.

Alikuwa ameketi kitini, mikono juu ya tumbo. Mara ya kwanza tangu Mei nimeona ndani ya nyumba ile. Bunduki ya shemeji bado iko msumarini. Tukacheza cheza, yeye akawa anatabasamu, akawataja mmoja mmoja. Yule ni Thimotheus, miguu hiyo. Yule ni Karoline, hajui kucheza. Kila aliyetajwa alifunua uso, akapewa peremende.

Akafika kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu. Nina kilema cha kidole gumba, mtoto wa miaka mitatu angenijua.

"Huyu simjui," akasema.

Wakacheka, wakadhani ni mchezo. Nikatoka na kinyago changu.

7 Januari
Helikopta haikuja. Wingu limelala juu ya ghuba.

8 Januari
Haikuja.

9 Januari
Theluji kiganja kizima. Haikuja. Karoline ameanza kuongea haraka haraka.

10 Januari
Mwezi umeandama.

11 Januari
Naandika hospitalini mjini, kwenye benchi. Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi Karoline aligonga. Uchungu umeanza kabla ya wakati na kuna damu. Daktari kamwambia kwenye simu kwamba helikopta hairuki leo, pengine na kesho, na mwanamke huyu hawezi kungoja kesho. Skuta ya theluji ya duka ni mbovu tangu Krismasi. Mbwa wazima zaidi ni wangu. Karoline alinieleza haya akitazama sakafu, halafu akaongeza ujumbe wa Salomine neno kwa neno: "Basi anipeleke. Lakini mdomo wake afungulie mbwa tu."

Tulimfunga kwenye sleji kwa ngozi za kulungu wa kaskazini na mablanketi, Karoline nyuma yake akimshika. Mama alitoka bila kofia. Alimbusu Salomine, akamwambia, "Nenda salama, mama." Mimi alinishika ukosi wa koti akauvuta mara moja, kwa nguvu.

Mwendo wa saa mbili mpaka Pua. Sikusema, isipokuwa na mbwa. Saa tano mwanga kidogo ulikuja, ule wa buluu wa kutosha kuona mkono wako. Salomine alikuwa haguni. Kila uchungu ulipomjia alishika kamba ya sleji, nami niliuhisi katika mbao chini ya miguu yangu.

Mbele ya Pua nikasimamisha. Mbwa safari hii hawakukataa, walikuwa na hamu ya kwenda. Theluji imefunika kila kitu, nyeupe, sawasawa, ungedhani ni uwanja wa kanisa. Nikashuka na fimbo. Hatua kumi, nikafagia theluji kwa buti, nikapiga. Moja, kavu. Mbili, kavu. Tatu, kavu. La nne, maji. Kanuni ya Baba ni kwamba tatu kavu zinabeba sleji.

"Zimetosha," Salomine akasema. Neno la kwanza kwangu kwa miezi minane. "Nimehesabu. Twende."

Nikapiga tena hatua tano mbele. Tatu kavu, la nne maji. Mbele zaidi sikwenda. Nilisimama pale nikijua kwamba njia ya Pua ni saa moja na nusu mpaka hospitali, na Bega ni zaidi ya nne, na kwamba yuko mtu anavuja damu. Na theluji ina kiganja kizima, na mwezi umeandama jana. Barafu ile ilikuwa inaniambia ndiyo, lakini ndiyo ya kunong'ona. Sijawahi kuogopa vile. Nilimwogopa mdogo wangu kuliko maji.

"Hatupiti," nikasema. "Tunapanda Bega."

Karoline akasema jamani, jamani, Boas, hatutafika.

Salomine akajiinua kwa viwiko. "Mei, barafu imeoza, ulimwambia mume wangu iko sawa. Leo Januari, fimbo imekujibu mara mbili, unakataa. Kwa nini? Unataka kuniua na mimi, safari hii kwa kunichelewesha?"

"Sijui kama inabeba," nikamwambia. "Nikisema inabeba, nitakuwa nasema tu."

Akanitukana. Alinitukania baba, ambaye ni wake pia. Nikageuza mbwa.

Bega lilikuwa lile lile. Nilisukuma kwa bega langu, Karoline akashuka akasukuma naye, mbwa wakalia. Kuna mahali miamba imesongamana na mtu mgeni wa njia hawezi kuona pa kupita. Mimi nikaingia moja kwa moja kati ya mawe mawili, kushoto, kisha kulia. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa nafikiria damu tu. Mtu anayeijua njia hivyo gizani aliipita lini? Hilo sikulitia akilini.

Juu kabisa upepo ulikuwa umefagia theluji mpaka kwenye mawe. Nikasimama mbwa wavute pumzi. Chini ya mwamba palikuwa na mifuko miwili ya unga, mmoja umetobolewa na kunguru. Ule mwingine uligeukia sleji, na juu yake limeandikwa jina kwa wino wa dukani, herufi kubwa.

"Salomine," akasoma Salomine.

Uchungu ukamjia, ukapita. Akavuta pumzi akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Ule ni wa Mei?"

"Ndiyo."

"Ulirudi kwa njia hii."

"Ndiyo."

"Na Pua?"

"Mbwa alikataa. Nikapiga. Pigo la pili, maji."

Karoline aliziba mdomo kwa glavu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilinifikisha juu ya Bega, wakati dada yangu hana hata mahali pengine pa kwenda ila pale pale kwenye sleji yangu. Nilingoja aseme. Aligeuza uso upande wa pili.

Kushuka niliwafungua mbwa nikawafunga nyuma, wawe breki, nikazungushia mnyororo kwenye mbao za chini za sleji zinazoteleza. Mimi nilikaa mbele nikikanyaga kwa visigino. Katikati ya mteremko uchungu ulimshika vibaya, kamba ya kushika ikawa mbali, akashika mkono wangu. Alikuwa hana kingine cha kushika, najua. Ana nguvu. Nina alama za kucha zake na sitaki zipone.

Saa kumi jioni tulifika hospitali. Walimwingiza mbio kwa mlango wa nyuma, damu imefika kwenye ngozi za kulungu. Karoline aliingia naye. Mimi walinionyesha benchi.

Saa tatu usiku. Mtoto amezaliwa. Msichana. Salomine yuko hai, ameongezwa damu.

12 Januari
Nilimpigia Mama simu. Alilia, kisha akauliza mtoto amepewa jina gani. Nikasema bado sijaambiwa. Akasema, "Basi ngoja mpaka apewe, akuite mwenyewe."

Sijaitwa.

13 Januari
Thimotheus yuko mjini tangu jana, alikuja na sleji imejaa samaki. Alinikuta kwenye mkahawa wa bandarini, akavuta kiti kabla sijamkaribisha. Amepita Pua, jana mchana, peke yake na mzigo wa kilo mia tatu.

"Ingebeba kanisa na kengele yake," akasema. "Na wewe bwana umempitisha mjamzito Njia ya Wajawazito! Nimewasimulia bandari nzima. Lakini haya, safari hii ulikuwa na kisingizio."

Watu meza ya pili wakacheka. Nami nilikuwa nimejiuliza usiku kucha kama nilimtesa bure, na sasa nimepata jibu, labda nilimtesa bure. Baridi ya usiku mmoja huongeza kidole, lakini pengine ingetubeba hata juzi. Sitajua.

"Na Mei nilipita huko huko," nikamwambia.

"Mei lini?"

"Tarehe nne. Uliponiuliza Pua vipi, nilikuwa natoka Bega. Pua ilikuwa imeoza. Niliona haya mbele yenu."

Alibaki ameshika kikombe. Aliivua kofia yake, akaitazama ndani, akainuka, akaacha kahawa nusu. Nikadhani ataniapiza. Alichosema ni, "Mimi ndiye niliyeuliza," akatoka. Sikumwita arudi. Tangu Mei nilidhani mzigo huu ni wangu peke yangu, na sasa nimempa na yeye kipande, wala sioni kama wangu umepungua.

Kufikia jioni mji mzima utakuwa unajua. Na wajue.

14 Januari
Mwuguzi wa hapa alikuja benchini baada ya chakula cha mchana. Akasema unaitwa.

Salomine alikuwa ameketi kitandani, uso mweupe, nywele zimesukwa upya. Mtoto alikuwa kifuani pake ndani ya blanketi la hospitali. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku tatu.

"Salomine," nikaanza, "asubuhi ile ya Mei..."

Akainua kiganja. "Mimi usiniambie. Mimi niliuona mfuko."

Nikadhani ndiyo mwisho, aliniita anifukuze vizuri. Akanionyesha kiti. Nilipoketi akaninyooshea mtoto, nikampokea, sina namna, na mdogo wangu akatamka jina ambalo halijatamkwa kwetu tangu siku ile.

"Huyu ni Ujarneq," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Ni mzito kuliko alivyoonekana. Ana nyusi. Alikuwa macho, jicho moja wazi kuliko jingine, ananitazama bila haraka yoyote.

"Shemeji," nikasema.

Nikamwambia. Nilimwambia jike langu alivyokaa kitako, na pigo la kwanza, na la pili. Nilimwambia habari ya Bega, na unga, na kahawa kwa Thimotheus, na jinsi alivyokuwa anafunga viatu huku ameinama, na kwamba niliona kisogo chake wakati nasema barafu iko sawa. Nilimwambia nilikuwa na nafasi ya kumfuata nje, alipokuwa anawafunga mbwa, dakika kumi nzima, nikaongeza kahawa. Hilo sikuwa nimeliandika hata humu. Nililia, machozi yakamdondokea kwenye blanketi, nikayapangusa kwa kidole kibovu. Salomine alikuwa ametazama dirishani muda wote, hakugeuka.

Nilifika mwisho.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

Nikainuka nimrudishie mtoto. Hakunyoosha mikono.

"Kaa," akasema. "Mwache kwanza afikirie."

Nikakaa. Mtoto alifunga macho yote mawili, akalala. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi, kisha wa kulia, na mpaka wanawasha taa za korido nilikuwa bado nimemshika.